Safari ya Siku Mbili: Kolo na Bihawana

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wa wahitimu, Kishapu)



Kamati imeniomba nizungumze juu ya faida ya safari. Nadhani walitaraji niwasimulie Roma, maana habari ya kwamba niliwahi kufika Roma nimeitangaza mimi mwenyewe katika kila mkutano wa chama chetu tangu mwaka 2014. Nitaanzia huko, lakini sitakaa sana.

Mwaka huo nilipelekwa kozi ya wiki mbili. Jumapili ya mwisho ya mwezi makumbusho ya Vatican hufunguliwa bila kiingilio, na mtumishi wa serikali akisikia neno hilo hahitaji kusukumwa. Nilipanga foleni tangu saa moja asubuhi. Hatimaye nikaingia katika Kanisa la Sistina, nikainua kichwa kutazama dari aliyoichora Michelangelo kati ya mwaka 1508 na 1512. Alichora juu ya lipu mbichi, kipande kwa kipande, kila siku kiasi kile tu ambacho lipu haijakauka. Ikikauka, rangi imekwisha kushikana na ukuta. Ukikosea huna budi kubandua na kuanza upya. Shingo iliniuma, na askari wa zamu alipaza sauti kutuamuru tunyamaze, ingawa mwenye kelele alikuwa yeye peke yake.

Jioni tulipewa chakula cha watu wa kaskazini ya Italia kiitwacho polenta. Ndugu zangu, ni ugali! Wa mahindi, wa njano, laini kuliko wetu, lakini ni ugali. Mwenzetu mmoja Mwitalia akasema ni chakula cha mababu zao tangu zamani. Sikumbishia, nilikuwa mgeni. Lakini mahindi yalitoka Amerika baada ya mwaka 1492, na nyanya pia. Michelangelo alipopanda dari lile mwaka 1508 alikuwa hajaona nyanya maishani mwake.

Basi nikarudi na picha zangu, na kwa miaka kumi nikawa mtu aliyeona sanaa. Serikali ilipohamia Dodoma nami nikahamia, na kutoka ofisini kwangu hadi Kolo, wilayani Kondoa, ni kama kilomita 180 tu, lami tupu. Sikwenda. Nilikwenda Agosti 2024, tena kwa sababu mwanangu alipewa kazi ya shule akanitaka nimsaidie.

Tuliondoka Dodoma Jumamosi alfajiri. Pale Kolo tuliandikishwa, tukapewa mwongozaji, mzee wa Kirangi mwenye miguu ya mbuzi. Njia ya kwenda kwenye mapango ni ya kupanda mawe, na mimi kwa kitambi hiki mnachokiona nilipumzika mara nne. Juu kabisa, chini ya mwamba ulioinama kama paa la ukumbi, kuna michoro: watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu, twiga, tembo, pofu, wote kwa rangi nyekundu ya udongo. Hapana lipu, hapana dari. Ni mwamba mtupu. Katika picha moja mwanamke yumo katikati, ameshikwa mikono na wanaume wa upande huu na huu. Wako wasemao anatekwa, wako wasemao anatibiwa katika ngoma. Michoro myeupe ni ya baadaye, ya wakulima. Ile myekundu watafiti wengi huihusisha na mababu wa Wasandawe. Mama Mary Leakey alipiga kambi huko mwaka 1951 akainakili kwa mkono, na kitabu chake kikatoka mwaka 1983. Mwaka 2006 eneo lote likaingizwa katika Urithi wa Dunia. Na bado Warangi huja kutambika pale Mungomi wa Kolo, mvua ikikawia au mtu akiugua.

Tulipokaa kunywa maji, yule mzee akaniuliza kabila. Nikamwambia Msukuma wa Kishapu. Akauliza, kwa adabu tu, “Na ninyi, baba, kwenu mlichora nini?”

Nikataka kumwambia habari za almasi ya Mwadui, kwa kuwa ndiyo tunayojibu watu wakitaja Kishapu. Lakini hakuniuliza tulichimba nini. Mwanangu ananitazama, kalamu mkononi.

Wazee mlio hapa mnajua jibu. Bayeye, wale wacheza ngoma wenye kufuga nyoka na kujua dawa za sumu, walikuwa wakichora ndani ya nyumba za chama chao, na mwari alifundishwa kwa picha zile. Nilijuaje? Babu yangu mzaa mama alikuwa Myeye. Likizo moja mwaka 1995, nikiwa kidato cha tatu hapa hapa, alichota majivu jikoni, akachora nyoka na watu wawili juu ya ukuta wa nyumba ya bibi, akaniita. Nikamwambia, “Babu, mimi nina mtihani wa jiografia.” Naye hakukasirika. Alifuta kwa kiganja, akaenda zake kwa ng’ombe. Alifariki mwaka 1998, na mimi sikuuliza tena. Mtihani ule nilipata C.

Jumapili tulipita Bihawana, nje ya mji wa Dodoma. Wamisionari wa Kiitalia ndio walioanza kupanda mizabibu huko katika miaka ya 1950, kwa ajili ya divai ya misa. Leo wakulima wa Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, Machi hivi na tena Agosti au Septemba, jambo ambalo Italia kwenyewe haliwezekani. Mama mmoja alitukaribisha shambani, akatupa ugali wa uwele na mlenda, nikala hata nikaona haya. Anakamua mwenyewe mchuzi wa zabibu na kuuza. Kilio chake ni soko, maana zabibu haingoji mnunuzi. Nikamwuliza nani alimfundisha. “Mama mkwe,” akasema, “na vipando nilikata kwake.” Chupa niliyonunua huko nimemkabidhi Mwenyekiti, nanyi wanafunzi haiwahusu.

Tangu hapo sikutulia. Kumbe mwaka 1953 Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya kikoloni, alichapisha kitabu kizima juu ya michoro ya ukutani ya wacheza nyoka hao hao. Karatasi zake zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nilikosoma miaka mitatu, na sikumbuki hata siku moja nilipouliza ziko wapi. Kitabu nimekipata sasa. Nimekaa nacho usiku mwingi nikimtafuta nyoka wa babu na wale watu wawili. Nyoka wamo wengi. Yupi ni wake, sijui.

Nakala za kurasa chache nimemwachia mwalimu wa historia. Pia nimezungumza na mzee mmoja wa hapa jirani, ambaye zamani alikuwa wa chama hicho na amevuka miaka themanini. Amekubali kuja kuzitazama pamoja na kidato cha tatu, Jumamosi ijayo saa nne asubuhi. Ameomba majivu, si chaki, na kiti chenye mgongo. Mkuu wa Shule amekwisha kutuonyesha ukuta.