Tembe Akiacha Kutaga, Weka Kisu Chini Kwanza

(Mazungumzo na vikundi vya akina mama wafugaji)

Leo tutasema juu ya tembe, yule kuku jike aliyeanza kutaga juzijuzi tu, halafu ghafla mayai yanakatika. Wengi wenu mmetuuliza: ni uchawi, ni ugonjwa, au tuliuziwa kuku mbovu?

Tuanze na kosa letu sisi wenyewe. Kikundi kimoja huko Ukambani kilikopa pesa kutoka mfuko wa kikundi, kila mama akanunua tembe watano. Mayai yalikuwa ya kulipa mkopo, na yakizidi, ya karo ya watoto. Kuku walitaga vizuri wiki kadhaa. Kiangazi kilipokaza, mayai yakapungua, kisha hakuna hata moja. Tuliitwa. Tukafika, tukatazama kwa haraka, tukasema: "Hawa wana njaa, waongezeeni mahindi." Wakaongeza. Mayai wapi! Mama mmoja alichoka kungoja, akawauza wote watano kwa broka kwa bei ya hasara. Kuku wakaenda, mkopo ukabaki.

Mara ya pili tulikaa huko siku nzima, na hapo ndipo tulipoona. Maji yanatoka mbali, mtungi mmoja unabebwa mgongoni. Kuku walikuwa wanapewa masalio ya kuosha vyombo asubuhi, katika kisahani. Ikifika saa nne kisahani kimekauka, na wanashinda na kiu hadi jioni. Maji yalipowekwa ya kutosha, baada ya wiki chache mayai yakarudi. Lakini yule mama hakuwa na kuku tena. Jambo hilo bado linatuuma, kwa sababu alifuata shauri letu.

Kwa hiyo, kabla ya kisu na kabla ya broka, jiulize maswali haya. Tumeanza na yale yasiyokugharimu pesa.

1. Je, ameacha kweli?
Kuku anayetembea hujua kuficha. Tafuta kichakani, nyuma ya ghala, chini ya kuni. Pengine panya anakula, au kuku wenyewe wamejifunza kudonoa mayai. Wafungie ndani mpaka saa tano asubuhi kwa siku tatu, wakiwa na chakula na maji, maana kuku wengi hutaga asubuhi. Pia mshike umpime: kuna mifupa miwili chini ya mkia, huku na huku ya njia ya yai. Vidole viwili au vitatu vikipita katikati, huyo anataga. Kidole kimoja kikiingia kwa shida, hatagi.

2. Je, anataka kulalia?
Kuku wa kienyeji hutaga mayai kama 10 hadi 15, kisha hukaa juu yake. Huo si ugonjwa, ndivyo alivyoumbwa. Atalalia siku 21, halafu atalea vifaranga wiki nyingi bila kutaga. Ukitaka vifaranga, mwache. Ukitaka mayai, okota kila siku, na huyo anayeng'ang'ania kiota umtie katika kizimba chenye sakafu ya wavu au fito, hewa ipite chini yake, siku tatu au nne. Mpe chakula na maji. Kumnyima si dawa, ni kumtesa.

3. Anakunywa nini?
Yai lenyewe, ukiliondoa ganda, kama robo tatu yake ni maji. Kuku mmoja anahitaji kama robo lita kwa siku, na wakati wa joto zaidi ya hapo. Basi kuku watano wawekee lita mbili, maji safi, kivulini, na uchungulie tena saa sita. Tunajua lita mbili si mchezo kwa mtu anayebeba mtungi. Lakini heri kuku watatu wanaokunywa kuliko watano wenye kiu. Tena kiu kali inaweza kumfanya tembe anyonyoke manyoya kabla ya wakati wake, na akinyonyoka hatagi mpaka manyoya yarudi.

4. Anakula nini?
Mahindi peke yake yanampa nguvu na mafuta, lakini hayamjengi. Kuku mnono hatagi vizuri. Changanya na omena waliosagwa, mchwa, majani ya kunde au sukuma wiki. Na ganda la yai hutoka wapi? Kila ganda linatumia kama gramu mbili za kalsiamu, na kuku asipoipata katika chakula ataitoa katika mifupa yake. Usitupe maganda. Yakaushe, uyaponde mpaka yawe kama chenga, kisha uwape. Ukiwatupia maganda mazima, unawafundisha kula mayai.

5. Analala wapi?
Nenda usiku na tochi. Utitiri hujificha mchana katika nyufa, usiku hutoka kunyonya damu. Pangusa kidole chini ya fito wanapolala: ukiona damu, umempata mwizi. Toa kinyesi, mwaga maji yanayochemka katika nyufa, na uwawekee majivu makavu ya kujigaragaza. Na nyumba isiwe na giza. Vitabu vya Ulaya husema kuku huacha kutaga wakati wa baridi kwa kuwa mchana ni mfupi. Sisi tuko karibu na ikweta, mchana wetu ni kama saa 12 mwaka mzima. Lakini ukiwafungulia saa tatu kutoka nyumba isiyo na dirisha, hiyo baridi ya Ulaya umeileta wewe mwenyewe.

6. Je, ni mgonjwa?
Ukiona anakoroma, anahara kijani, shingo inapinda, au mayai yana ganda laini na wenzake wanakufa, hiyo pengine ni kideri. Mwite afisa wa mifugo upesi. Usikimbize wagonjwa sokoni, utaua kuku wa kijiji kizima. Kideri hakina dawa ya kuponya. Kuna chanjo tu, na chanjo ni ya kuku wazima. Kikundi kikichanga pamoja, chupa moja inatosha kuku wengi.

Sasa tunawapa kazi. Jioni hii kila mmoja apime maji anayowapa kuku wake kwa kikombe, na usiku apite na tochi. Mkutano ujao kila mtu atueleze alichoona. Na sisi tutakuja kwenu mapema na kukaa, maana tumejifunza kwamba mshauri asiyekaa huona nusu tu.