Kutaja Ladha na Tiba za Kijapani kwa Kiswahili



Mwanafunzi wetu aendaye Japani kuchunguza chakula, utamaduni na tiba za jadi hana budi kuwaeleza Waswahili aliyoyaona. Hapo ndipo uteuzi wa maneno huwa mtihani.

Tuanze na chakula. Mwaka 1908 mwanakemia Kikunae Ikeda alichunguza mchuzi wa mwani uitwao kombu, akabainisha ladha aliyoipa jina umami. Jina hilo latokana na umai, yaani "tamu" kwa maana tuikusudiayo tusemapo "mchuzi mtamu", wala si "chai tamu". Tukiandika "utamu" pekee, msomaji atafikiria sukari. Heri neno umami libaki, lifafanuliwe.

Katika tiba, upotoshaji huwa mzito zaidi. Kuiita Kampo "dawa za kienyeji" ni kupingana na jina lenyewe. Maana yake ni "njia ya Kihan", yaani ya Kichina, nalo lilitumika kuitenga tiba hiyo na ile iliyoletwa na Waholanzi. Isitoshe, "kienyeji" kwetu hubeba dharau, ilhali huko dawa hizo huandikwa na madaktari wa hospitali, na tangu 1976 nyingi zimo katika bima ya afya ya taifa. Napendekeza "tiba ya Kampo".

Basi, mwanafunzi asikimbilie kamusi. Kwanza aulize: wenyewe wanaiitaje, na ili kuitofautisha na nini?