Mbio za Hisani za Kuvuka Nchi: Maandalizi Yanayoikamilisha Safari



Tunapopanga mbio za hisani za kuvuka nchi, mazungumzo yetu huanza na mkimbiaji: ni nani, atakwenda kilomita ngapi kwa siku, atafika lini. Hoja yangu ni kwamba tuanze na watu walio kandokando ya barabara. Wao ndio wachangiaji, na wasipoandaliwa mapema, jasho la mkimbiaji litapita bure mbele ya nyumba zao. Mifano yangu ni miwili, yote ya Kanada.

1. Terry Fox, 1980

Mwaka 1977, akiwa na umri wa miaka 18, Terry Fox alikatwa mguu wa kulia kwa sababu ya saratani ya mfupa. Tarehe 12 Aprili 1980 aliondoka St. John's, mashariki kabisa mwa nchi, akielekea magharibi kwa mguu wa bandia ili kuchangisha fedha za utafiti wa saratani. Alijipangia takriban kilomita 42 kila siku.

Port aux Basques, mji wa watu wapatao 10,000, ulimchangia zaidi ya dola 10,000. Baadaye Terry aliweka kipimo hicho kwa taifa zima: dola moja kwa kila Mkanada.

Alipoingia Québec, ambako wengi husema Kifaransa, habari zake hazikuwa zimemtangulia, na madereva walimsukuma nje ya barabara. Kule Ontario, Shirika la Saratani la Kanada lilikuwa limeshaandaa mapokezi. Mjini Toronto alilakiwa na watu wapatao 10,000, na siku hiyo zikapatikana takriban dola 100,000. Mkimbiaji alikuwa yuleyule, na mwendo wake uleule. Kilichobadilika ni maandalizi.

Tarehe 1 Septemba, karibu na Thunder Bay, alilazimika kusimama baada ya siku 143 na kilomita 5,373. Saratani ilikuwa imeingia mapafuni. Hata hivyo, siku chache baadaye harambee ya televisheni ilikusanya zaidi ya dola milioni 10, na kufikia Februari 1981 michango ilipita dola milioni 24, sawa na dola moja kwa kila raia. Terry alifariki Juni mwaka huo, akiwa na miaka 22. Septemba iliyofuata zikaanza mbio za kila mwaka zenye jina lake, zisizo na ushindani.

2. Steve Fonyo, 1984–1985

Steve Fonyo, aliyepoteza mguu kwa saratani akiwa na miaka 12, alianzia hapohapo St. John's Machi 1984. Alikimbia kilomita 7,924, majira ya baridi yakiwemo, akafika Victoria tarehe 29 Mei 1985 na takriban dola milioni 13. Alivuka nchi nzima. Lakini miaka iliyofuata alipambana na uraibu na kesi mahakamani. Kijana wa miaka 19 aliyeshangiliwa na taifa alihitaji watu wa kumshika mkono baada ya shangwe kwisha. Hilo ni deni la kila mwandaaji.

3. Mapendekezo

(a) Tuweke kipimo cha mchango ambacho mtu wa kipato cha chini anaweza kukitoa bila kuona haya.

(b) Kila mji uwe na kamati ya mapokezi inayotoa habari mapema, kwa lugha ya wenyeji. Mbio za Mwenge wa Uhuru zimetuzoesha hili Tanzania: wilaya hujiandaa, na viongozi husubiri mpakani kupokezana.

(c) Daktari awe na mamlaka ya kumsimamisha mkimbiaji, na uwepo mpango ulioandikwa wa kuendeleza uchangishaji akisimama.

(d) Bajeti itenge fedha za matibabu na ushauri nasaha kwa mkimbiaji, angalau kwa mwaka mmoja baada ya mbio.

4. Hitimisho

Terry hakufika mwisho wa barabara, lakini lengo lake lilitimia kwa sababu wengine walikuwa tayari kulibeba. Steve alifika, na lengo lake la fedha likazaa matunda, ila yeye mwenyewe alibaki na mzigo. Naomba semina hii iazimie kwamba hakuna mbio zitakazotangazwa kabla mambo haya manne hayajaandikwa, hayajatengewa fedha na hayajapewa wasimamizi.