Walioingia Delta ya Rufiji



Nilipokalia madawati haya nilimjua Amundsen, aliyefika Ncha ya Kusini mwaka 1911, lakini sikuwajua walioingia delta yetu wenyewe. Kule kwenye barafu hakukuwa na mwenyeji wa kuulizwa. Hapa walikuwapo, nao waliijua kila mikondo.

Majahazi ya Uarabuni yalifuata boriti za mikoko karne nyingi, yakija na kaskazi na kurudi na kusi. Mwaka 1898 Wajerumani waliifanya mikoko kuwa msitu wa serikali. Magome yake yakauzwa ng'ambo kutengenezea ngozi. Mwaka 1914 manowari yao, Königsberg, ilijificha humo. Waingereza, ambao ramani zao hazikufaa kitu, walimtuma mwindaji Pretorius kupima vina vya maji. Julai 11, 1915 manowari ikaangamia. Jina la Pretorius limo vitabuni. Wenyeji waliomwonyesha njia hawamo.

Mimi nami niliwahi kuingia humo kikazi, ramani mkononi, nikijiona msomi. Mzee mwenye mtumbwi alinigeuza kabla maji hayajapwa. Sikumuuliza jina, na sasa ni marehemu.

Ninyi mnaotoka Nyamisati na Salale, likizo hii waulizeni wazee majina ya mikondo, mwandike na majina yao.