Oili ya Injini Kuukuu na Fedha za Wanachama

Maneno ya Katibu mbele ya Mkutano Mkuu wa kuadhimisha miaka 10 ya Chama Kikuu



Tumepewa nafasi tuseme juu ya utunzaji wa mitambo, nasi twajua kwamba wengi wenu mngependa zaidi kusikia habari za bei ya mahindi. Walakini kuna deni tuwiwalo na wanachama, nalo ni maelezo ya trekta lile jekundu ambalo mwaka 2021 lilisimama siku 23 wakati mvua za kwanza zikinyesha.

Trekta hilo ni Massey Ferguson 135, aina iliyotengenezwa Uingereza, mjini Coventry, kuanzia mwaka 1964. Injini yake ya dizeli ni Perkins ya silinda 3. Tulilinunua mwaka 2018, likiwa limekwisha kulima mashamba ya watu wengine kwa zaidi ya miaka 40, na kwa miaka miwili halikutusumbua.

Kisha stoo ikaishiwa oili. Ofisi yetu, kwa kutaka kuokoa fedha zenu, ikanunua makopo ya bei nafuu bila kusoma maandishi yake. Ilikuwa oili nyepesi ya motokaa ndogo za petroli. Isitoshe, kwa kuwa kazi ilikuwa nyingi, tulipitisha muda wa kuibadilisha, na chujio likaachwa lile lile. Dereva wetu alitwambia mara mbili kwamba asikia mlio wa kugonga upande wa valvu. Hatukumsikiliza. Badala yake tulimsikiliza muuzaji aliyekuja na chupa mbili za dawa ya kuponya injini, ambazo bei yake ilitosha kununua dumu zima la oili nzuri. Tulizimimina, na mlio haukupungua, kwa maana chuma kilichokwisha kulika hakioti tena. Muuzaji hatumlaumu, sahihi katika hati ya malipo ni yetu.

Yafaa mjue kilichokuwa kikitokea ndani. Injini hiyo ina kamshafti, yaani mtaimbo wenye vinundu. Kila kinundu husukuma tapeti, na tapeti husukuma ufito ufunguao valvu. Kinundu na tapeti hukutana mahali padogo kwa nguvu nyingi mno, hata utando wa oili hubanwa na chuma hukaribia kugusa chuma. Hapo ndipo ifanyapo kazi dawa ya zinki na fosforasi, ambayo kwenye chupa huandikwa ZDDP. Kwa joto na msuguano huacha juu ya chuma ngozi nyembamba kupita kiasi. Ngozi hiyo hulika badala ya chuma, na hujifanya upya maadamu dawa ingaliko katika oili.

Sasa, oili nyingi za motokaa za petroli zimepunguzwa fosforasi, kwa sababu huharibu kifaa cha kusafishia moshi kilicho katika motokaa za siku hizi. Katika zile nyepesi kiwango cha juu ni asilimia 0.08. Trekta letu halina kifaa hicho, lakini vinundu linavyo.

Je, yatupasa basi tuongeze dawa ya chupa? Hapana. Oili ya dizeli yenye daraja linalofaa huja na dawa hiyo ndani yake, imekwisha kupimwa pamoja na sabuni za kuchukua masizi. Ukiizidisha, hugombania chuma na sabuni hizo, na fosforasi ikiwa nyingi mno huanza kukila chuma chenyewe.

Kwa hiyo mtunza stoo ameagizwa asome kopo kabla ya kulipa. Atafute herufi C, ambayo ni ya dizeli, maana S pekee ni ya petroli. CH-4 au CI-4, unene wa 15W-40, vyatufaa. CK-4, iliyoanza mwaka 2016, yafaa pia, japo fosforasi yake haipaswi kuzidi asilimia 0.12. FA-4 isiingizwe kabisa: ni nyepesi, nayo ilikusudiwa injini mpya za malori.

Wazee wetu wengine hushikilia kwamba injini iliyochoka hupewa oili nzito kama asali. Twawaheshimu, lakini asubuhi ya baridi oili ya namna hiyo huchelewa kufika juu, na dakika hizo chache ndizo zenye kulika kwingi. Wengine wametulalamikia kwamba oili mpya hugeuka nyeusi baada ya siku mbili za kulima. Ndugu zetu, huo weusi ni masizi yanayobebwa na oili ili yasigande ndani ya injini. Oili ya dizeli ibakiayo safi muda mrefu ndiyo ya kuulizia. Na mwenye injini iliyotumia oili duni miaka mingi, akihamia oili nzuri, abadilishe chujio mapema, kwa kuwa uchafu wa zamani utang'oka na kuliziba.

Tangu matengenezo yale, saa za kazi za trekta huandikwa kila jioni, na zikifika 250 oili na chujio hubadilishwa, hata kama foleni ya wanaongoja kulimiwa ni ndefu. Tunajua uamuzi huu umewaudhi baadhi yenu msimu uliopita.

Kamshafti ya zamani tumeileta, iko mezani karibu na kitabu cha mahudhurio. Tunawaomba wajumbe, kabla ya kwenda kwenye chakula, wapitishe kidole juu ya kinundu cha tatu, kisha juu ya cha nne. Dereva wetu yupo hapo, naye atajibu maswali yenu kuliko sisi.