Na Sisi Tuwemo Kwenye Ramani



Kikundi chetu kimetimiza miaka 10, tunamshukuru Mungu. Lakini akiba itatufaa nini ikiwa maji yanaingia ndani na kuzoa unga na mtaji? Mafuriko ya Desemba 2011 hapa Dar es Salaam yaliua watu zaidi ya 40. Hatujasahau.

Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria. Wanafunzi wa vyuo na wakazi walipita mitaani wakiandika mifereji, vichochoro na nyumba, vikaingizwa kwenye ramani ya intaneti iliyo wazi kwa wote. Mtaalamu anajua vipimo, ila maji yalifika dirishani au kizingitini, anayejua ni mama aliyeyachota kwa ndoo.

Basi akina mama, tusingoje kuitwa. Mwenye simu ya kupangusa aongozane na asiyenayo, tuonyeshe mifereji iliyoziba. Ramani peke yake haizibui mfereji, hilo tunalijua. Lakini tukienda nayo serikali ya mtaa, nani atatuambia hatuna ushahidi?

Haba na haba ilijaza kibubu chetu. Itajaza na ramani.