Samaki Mkunje Angali Mbichi
Hotuba ya Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Yatupasa kuanza kwa kukiri kosa letu. Mwaka jana lilitoka tangazo gazetini likiwaita watu watoe maoni juu ya mswada wa ada za soko. Sisi wa ofisini tuliliona, tukalikata, tukalitia jaladani tukingoja mkutano wa Halmashauri. Mkutano ulipofika, siku za kutoa maoni zilikuwa zimekwisha. Sasa akina mama wetu wauzao mboga wanalipa ada iliyoongezwa, nao huja kutuuliza, "Mlikuwa wapi?" Hatukuwa na jibu. Hotuba hii ndiyo malipo ya deni hilo.

Wazee wetu wajua nchi hii ilikotoka. Baba zao walivaa kipande shingoni kwa amri ya sheria ambayo hawakuulizwa neno juu yake. Kabla ya mwaka 1944 Baraza la Kutunga Sheria halikuwa na mjumbe Mwafrika hata mmoja. Mwaka huo ndipo Bwana Eliud Mathu alipoteuliwa. Waafrika walichagua wajumbe wao kwa kura mara ya kwanza Machi 1957, nao walikuwa wanane tu. Watu walilia juu ya sheria zilipokwisha kuwafikia, kwa kuwa hawakupewa mlango wa kuingilia mapema.

Leo mlango upo. Katiba tuliyoipitisha kwa kura mwaka 2010 yaliagiza Bunge, katika kifungu cha 118, liwashirikishe wananchi katika kutunga sheria. Kifungu cha 196 chaagiza mabaraza ya kaunti vivyo hivyo. Kifungu cha 119 champa kila mtu haki ya kuliomba Bunge litunge sheria, liibadilishe au liifute. Na asiyejua Kiingereza asijitenge, maana kifungu cha 120 chataja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Bunge.

Mswada husomwa mara ya kwanza, kisha hupelekwa kwa kamati. Hapo ndipo kamati huwaita watu waseme. Baadaye wabunge huujadili katika kusomwa mara ya pili, huupitia kifungu kwa kifungu, huusoma mara ya tatu, ndipo hupelekwa kwa Rais, naye ana siku 14 za kuutia sahihi au kuurudisha. Basi nafasi yetu kubwa ni pale mwanzoni, mswada ungali mikononi mwa kamati.

Wako wasemao, "Wakubwa wamekwisha kata shauri, maneno yetu yatafaa nini?" Hatuwezi kuwaahidi kwamba kila neno litakubaliwa. Lakini tukumbuke Mswada wa Fedha wa mwaka 2024. Ulitaka mkate utozwe kodi ya asilimia 16, na magari yatozwe asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka. Watu walinena kwa nguvu, na tarehe 18 Juni ikatangazwa kwamba mambo hayo mawili yameondolewa. Mengine yalibaki, mswada ukapitishwa tarehe 25 Juni, na siku hiyo vijana wetu wakapoteza maisha barabarani. Kesho yake Rais alikataa kuutia sahihi. Hakuna mzazi hapa apendaye neno la mwananchi lisikiwe kwa bei hiyo. Kwa hiyo tuseme mapema, tena kwa utaratibu.

Wala tusiseme, "Mahakama itatuokoa." Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufani iliibatilisha Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, na ushirikishaji wa wananchi ulikuwa miongoni mwa sababu. Tarehe 29 Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo, sheria ikasimama. Kesi ni safari ndefu, na mwisho wake haujulikani.

Maoni yafaayo si matusi wala manung'uniko. Tutaje jina la mswada na namba ya kifungu. Tuseme twataka kifutwe au kibadilishwe, na kisomeke vipi. Kisha tueleze sababu kutoka maishani mwetu: mama auzaye mboga hupata kiasi gani kwa siku, na ada itamwachia nini. Habari hiyo mbunge hataipata katika vitabu. Wenye nayo ni sisi.

Basi twaomba Mkutano huu ukate mashauri matatu. Kwanza, ofisi ikiona tangazo la mswada, iwape habari wanachama siku ile ile, bila kungoja kikao. Pili, wateuliwe wazee wawili, akina mama wawili na vijana wawili wa kuusoma mswada pamoja nasi na kuueleza kwa lugha nyepesi. Tatu, kila maoni ya Chama yaandikwe, yatiwe sahihi, na nakala ihifadhiwe, ili mwakani mtuulize tulisema nini.

Waliotutangulia walianzisha Chama hiki ili mtu asiachwe peke yake katika msiba wala ugonjwa. Asiachwe peke yake mbele ya sheria pia. Siku akina mama wa sokoni watakapotuuliza tena tulikuwa wapi, na tuweze kuwaonyesha barua yetu.